Darasa la kuonja sake: Fushimi au Nada, na asiyejua kitu aanzie wapi?

Kaskazi_Upepo

Wakuu, heshima kwenu.

Mwisho wa Novemba nitakuwa Osaka kikazi. Vikao vinaisha Alhamisi jioni na ndege yangu ni Jumamosi usiku, kwa hiyo Ijumaa nzima ni yangu na Jumamosi karibu yote. Wenzangu wamepanga kuzunguka mahekalu. Mimi nataka darasa la kuonja sake, ile pombe ya Kijapani ya mchele; darasa lile la kukaa mezani, mwalimu anamimina na kukueleza unachokunywa.

Nimeshafika Japani kabla ya hapa, na kila tukialikwa chakula cha jioni wenyeji hunisukumia orodha ya sake nichague mimi mgeni. Orodha yenyewe ndefu, nusu yake siwezi kuisoma, naishia kunyooshea kidole ile ya bei ya katikati. Kuna siku ikaja ya baridi, inanukia ndizi mbivu kabisa, nikadhani wametia kitu. Siku nyingine ikaja ya moto, ina umanjano, harufu ya uyoga na ugwadu mkali, na mwenyeji wetu akaisifu kuliko ile ya kwanza. Zote mchele na maji! Nataka mtu anieleze ile ndizi ilitoka wapi.

Matangazo niliyoyaona ni ya namna mbili. Kuna darasa Kyoto, upande wa Fushimi, saa moja na nusu, vikombe saba, yeni 6,000 na ushei. Kuna matembezi ya saa tatu kwenye mitaa ya watengenezaji na mwongozaji, bei inakaribia mara mbili ya hiyo. Halafu kuna jamaa kazini anasema nisilipe chochote, niende Kobe, upande wa Nada, kwenye makumbusho ya sake, nionje bure, nirudi zangu.

Naombeni ushauri wa waliofika. Darasa linaongeza nini ambacho kaunta ya kuonja haina? Mimi si mnywaji, glasi mbili za bia zinanitosha, sasa vikombe saba asubuhi asubuhi vitaniacha salama? Kutema ni kukosa adabu? Na kuna dada tunayefanya naye kazi, hanywi kabisa, ila anataka tufuatane. Sitaki akae saa nzima anahesabu mbao za dari.

Shukrani.

Mzururaji

Mkuu, okoa hela yako. Mimi nilishuka stesheni ya Echigo-Yuzawa, mkoa wa Niigata. Mle mle stesheni kuna sehemu inaitwa Ponshukan. Ukuta ni mashine za sake mwanzo mwisho, aina zaidi ya mia, zote za Niigata. Unanunua sarafu zao, unapewa kikombe kidogo, unatumbukiza sarafu, unabonyeza, sake inatiririka. Pembeni kuna chumvi za aina aina za kulamba katikati ya kikombe na kikombe. Hakuna mwalimu, hakuna kupangiwa muda, hakuna wa kukuuliza "unasikia nini puani". Ukitosheka unapanda treni yako.

Darasa ni la watalii. Nimemaliza.

Shangazi_wa_Nada

Mzururaji, Ponshukan hata mimi naipenda, lakini mwenzio yuko Osaka. Apande shinkansen, ile treni ya kasi, hadi Tokyo, abadili, apande nyingine avuke milima, kwa ajili ya kikombe? Na akishasimama mbele ya mashine mia hajui anatafuta nini, atafanya kile kile anachofanya mezani kwa wenyeji wake: atanyoosha kidole.

Kaskazi, karibu. Mimi naishi Kobe, na enzi za uanafunzi nilikuwa nasimama wikendi nyuma ya kaunta ya kuonja ya mtengenezaji mmoja hapa Nada, namiminia wageni. Kwa hiyo nina upande, nao ni huu: lipia darasa, lakini kabla ya kulipa waandikie swali moja. Waulize kama kuna sake moja watakayoimimina kwa joto zaidi ya moja, au sake mbili za mtengenezaji mmoja zinazotofautiana kwa kitu kimoja tu. Wakikujibu ndiyo, nenda. Wakikujibu kwamba mtaanza na ya bei ndogo na kupanda ngazi hadi ile ghali, basi hilo ni duka lenye viti.

Kule kaunta sisi tulimimina kilichotakiwa kuuzwa mwezi ule. Mgeni anakunywa tatu, zimetofautiana mchele, hamira, namna ya kukamua, joto, kila kitu. Anaondoka akijua kwamba ya pili ilikuwa tamu. Ulimi haujifunzi hivyo. Unajifunza pale unapobadilishiwa kitu kimoja na vingine vyote vikabaki palepale.

Tena wa kwanza kufanya mchezo huo hapa kwetu anajulikana. Yamamura Tazaemon alikuwa na viwanda viwili, kimoja Uozaki na kingine Nishinomiya, na sake ya Nishinomiya kila mwaka ilikuwa inaishinda ya Uozaki. Inasimuliwa kwamba alijaribu mchele ule ule pande zote mbili, hakuna kilichobadilika. Akawabadilisha mabwana wa kutengeneza, huyu huku yule kule, bado Nishinomiya inaongoza. Mwishowe akasomba maji ya kisima cha Nishinomiya akayapeleka Uozaki, na sake zikalingana. Huo ulikuwa mwaka 1840. Maji yale yakaitwa Miyamizu, yakawa biashara yenyewe, watu wanayanunua. Ni maji magumu, yana fosforasi na potasiamu ya kuishibisha hamira, na chuma ni kidogo mno, maana chuma huharibu rangi na harufu ya sake. Ndiyo yaliyoipa Nada jina.

Sasa ndizi yako. Hakuna aliyetia kitu. Mchele wa sake unakobolewa kupita ule wa kula, kwa sababu tabaka za nje za punje zina protini na mafuta, na hivyo vikizidi vinaleta uzito na kuifunika harufu. Mchele unapikwa kwa mvuke, sehemu yake inanyunyiziwa mbegu za kuvu ya koji, na koji inageuza wanga kuwa sukari. Kwenye bia kazi hiyo hufanywa na kimea, tena inamalizika kabla hamira haijatiwa. Kwenye sake vyote vinakwenda pamoja ndani ya tangi moja: koji inatoa sukari, hamira inaila papo hapo, kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa. Hivyo kileo kinapanda hadi asilimia 18, hata 20, bila kukenekwa, kisha wengi wanatia maji kukishusha hadi 15 au 16 kabla ya kujaza chupa. Mchele ukiwa umekobolewa sana na hamira ikafanya kazi kwenye baridi, polepole, inatoa harufu za matunda. Ndizi, tufaha, tikiti. Huo ndio mtindo wa ginjo.

Ile ya moto yenye uyoga na ugwadu, ningebahatisha ni yamahai, pengine na imekaa miaka. Zipo njia za zamani ambazo hawatii asidi iliyokwisha kutengenezwa; wanawaacha bakteria wa asili waitengeneze wenyewe ili kuilinda hamira changa. Kimoto ndiyo iliyoitangulia yamahai, wanasagasaga mchele na koji kwa makasia ndani ya beseni ndogo za mbao, kazi ya kuumiza mgongo usiku kwenye baridi. Mwaka 1909 ikaonekana kusaga kule si lazima, koji peke yake inaumudu mchele, wakaacha. Hiyo ndiyo yamahai. Mwenyeji wako aliyeisifu anajua anachokunywa.

Kuhusu maneno ya kwenye chupa. Ile asilimia ya ukoboaji ni kile kilichobaki, si kilichoondolewa, na wageni wengi kaunta kwetu walikuwa wanaisoma kinyume. Kwa daraja, honjozo ni asilimia 70 au chini yake, ginjo 60, daiginjo 50. Neno junmai likiongezwa mbele maana yake hakuna pombe iliyotiwa kutoka nje, ni mchele, koji na maji tu. Na junmai tupu tangu 2004 haina kikomo cha ukoboaji. Isipoandikwa junmai, imetiwa pombe kidogo kabla ya kukamuliwa, na kwenye daraja hizi sheria hairuhusu izidi asilimia 10 ya uzito wa mchele. Kuna watu watakuambia huo ni uchakachuaji. Achana nao. Harufu nyingi hushikamana na pombe kuliko maji, kwa hiyo pombe ile kidogo inazivuta zitoke na kimiminika badala ya kubaki kwenye machicha, na inaifanya sake iwe nyepesi mdomoni. Waombe darasani junmai ginjo na ginjo ya mtengenezaji mmoja, mkono huu na mkono huu. Hapo utapata jibu lako mwenyewe, huhitaji la kwangu.

Na daiginjo si kileleni mwa mlima wowote. Mpunga mwingi umekwenda na pumba, ndiyo maana ni ghali. Kwa samaki wa kuchoma mimi nipe honjozo iliyopashwa hadi nyuzi 45, hiyo ya maua kawanyweshe wageni.

Darasani mtaletewa kikombe cheupe cha kauri, ndani chini kimechorwa duara mbili za buluu, moja ndani ya nyingine. Usidhani ni urembo. Kwenye ile nyeupe unaangalia rangi: sake changa haina rangi au ina ukijani wa mbali, iliyokaa inaelekea kahawia. Kwenye mpaka wa buluu na nyeupe unaangalia uangavu: mstari ukionekana umefifia, kuna kitu kinaelea. Kiinamishe kidogo kuelekea dirishani, si chini ya taa ya njano. Kisha nusa kabla hujanywa, chukua kama kijiko cha chai, kizungushe ulimini, vuta hewa kidogo mdomoni, ipitie puani. Utatoa sauti ya kufyonza na hakuna atakayekushangaa.

Kutema si utovu wa adabu, ndivyo wanavyofanya wataalamu kwenye mashindano. Kama hakuna chombo mezani, omba. Hesabu yenyewe ni hii: vikombe saba vya mililita 30 ni 210, kwa asilimia 15 ni zaidi kidogo ya mililita 31 za kileo kitupu. Kopo kubwa la bia la mililita 500, asilimia 5, lina 25. Kwa hiyo umekunywa kopo moja na robo, saa nne asubuhi, na pengine hujala. Kula kwanza. Ila usile natto, yale maharage ya soya yaliyochachushwa! Kama darasa linaingia kiwandani, wengi watakuomba usiile siku hiyo, kwa sababu bakteria wa natto ni wabishi, hawafi ovyo, na wakifika kwenye chumba cha koji wanaiharibu. Manukato pia acha hotelini, utawanusisha wenzako marashi badala ya sake.

Baiskeli za kukodi za Kyoto siku hiyo zisahau. Tangu Novemba 2024 kuendesha baiskeli ukiwa na kileo mwilini ni hadi miaka 3 jela au faini hadi yeni 500,000, na aliyekupa pombe akijua utaendesha naye anaingia hatiani.

Yale matembezi ya saa tatu sioni sababu. Novemba watengenezaji wako kazini, msimu umeanza, kwa hiyo vyumba vya ndani mara nyingi hamtaingizwa. Utaonyeshwa kuta za mbao zilizochomwa na mpira wa majani ya mseda ulioning'inizwa mlangoni. Ukiuona ni wa kijani, sake mpya imetoka. Ukiwa wa kahawia, ni wa mwaka jana. Haya, nimekueleza bure.

Ningekuwa wewe: Ijumaa asubuhi darasa la Fushimi, Jumamosi asubuhi Nada. Maji ya Fushimi ni laini kuliko ya kwetu, sake inatoka ya upole, ya mviringo. Ya kwetu ni kavu zaidi, yaani utamu wake mdogo, ina kingo. Ijumaa kabla ya darasa pita kwenye hekalu la Gokonomiya, kuna chemchemi yao, wenyeji wanajaza chupa. Yanywe maji peke yake kwanza. Nada shuka stesheni ya Sumiyoshi kwenye reli ya Hanshin, makumbusho ya Hakutsuru ni kutembea kidogo tu, kuingia bure, na utaona zile beseni na makasia niliyokutajia. Majengo mengi ya mbao ya mitaa hii yaliporomoka kwenye tetemeko la Januari 1995, kwa hiyo usitegemee mtaa wa kale kama Fushimi. Njoo kwa ajili ya kilichomo kikombeni.

Huyo dada aje. Wamwekee amazake, kinywaji kitamu, ile ya koji na mchele. Nitarudi nikipata muda.

Chumvi_Kidogo

Shangazi amemaliza kazi, mimi naongeza chumvi tu, na kwenye kutema tunaachana kidogo.

Nilishalipia darasa Tokyo, jina naliacha. Tuliingia sake ikiwa imeshamiminwa mezani, vikombe vyote. Mwalimu akaanza slaidi. Historia, ramani, picha za mchele, karibu saa nzima. Ile ya baridi ikapata joto, ile ya harufu ikabaki bila harufu, na walioketi karibu na dirisha walikuwa wanaonja kitu kingine kabisa na sisi wa karibu na jiko. Kwa hiyo ongeza swali la pili kwenye barua pepe yako: mnamimina saa ngapi? Darasa zuri linamimina moja, mnaijadili, ndipo ya pili.

Lililonifaa lilikuwa Takayama, watu wachache, mama mmoja na birika la maji ya moto. Alichukua junmai moja ya kawaida tu. Kwanza akatupa ikiwa na ubaridi wa chumba, na ukweli haikuwa na la kusema. Akaimimina kwenye chombo chao cha bati chenye mkono, akakitumbukiza kwenye maji, kipimajoto ndani. Nyuzi 40 akakitoa. Utamu wa mchele ukafunguka, mdomo mzima, hadi mtu mmoja akauliza kama amebadilisha chupa. Akakirudisha hadi 50. Utamu ukajificha, ikawa kali na imenyooka. Ile ya 40 wanaiita nurukan, ya 50 atsukan, na hayo maneno mawili yamenifaa kwenye baa kuliko majina yote ya daraja. Mhudumu akiyasikia anajua unaelewa unachotaka.

Kutema sasa. Kaskazi, ukitema kila kitu utakosa mwisho wa sake, nao uko kooni. Kuna inayokatika ghafla, kama haikupita, na kuna inayobaki inazungumza dakika nzima. Wajapani wanaijali sana sehemu hiyo. Kwa hiyo funda moja limeze, yaliyobaki tema. Na maji: kunywa maji kiasi kile kile cha sake, watakuwekea bilauri ya maji pembeni. Hayo ni sehemu ya darasa, usiyaache.

Kaskazi_Upepo

Wakuu, nimewaandikia wale wa Fushimi maswali yote mawili. Wamejibu siku hiyo hiyo. Wanamimina moja moja. Junmai moja wataitoa kwa joto tatu, na kuna jozi ya mtengenezaji mmoja, yenye pombe ya kutiwa na isiyotiwa. Chombo cha kutemea kipo. Nimelipa. Wamesisitiza kwamba ukichelewa zaidi ya dakika kumi na tano hawakupokei na hela hairudi.

Mawili yamebaki. Dada mwenzangu amesoma kuhusu amazake akaona pahali pameandikwa ina kileo, pahali pameandikwa haina. Yeye hanywi kwa imani yake, hataki hata tone, kwa hiyo nisimwambie "nadhani". Halafu mimi nataka kurudi na chupa mbili. Kuna moja nimeiona wanaisifu sana, imeandikwa nama. Itafika salama?

Mzururaji

Mmemgeuza profesa kabla hajaonja. Mimi bado niko na sarafu zangu. Ila hiyo ya joto tatu sitakataa, mashine za kule zilinipa baridi tu.

Shangazi_wa_Nada

Mzururaji, njoo Kobe nikupashie moto.

Kaskazi, mwambie dada yetu kwamba vyote alivyosoma ni kweli kwa sababu amazake ni mbili. Ya koji inatengenezwa kwa mchele na koji bila hamira, inawekwa kwenye uvuguvugu usiku mmoja, wanga unageuka sukari na kazi inaishia hapo. Haina kileo, na utamu wote ni wa mchele, hakuna sukari iliyotiwa. Ya pili inatengenezwa kwa machicha ya sake, yanayeyushwa kwenye maji ya moto na sukari. Machicha hubaki na kileo kinachofika asilimia 8 hivi kabla ya kupikwa, na kuchemsha hakukimalizi chote. Hekaluni na kwenye vibanda wakati wa baridi mara nyingi ni hiyo ya machicha. Kwa hiyo aulize hivi: "kome koji au sakekasu?" Wakijibu kome koji, anywe. Wakijibu sakekasu, au wakisitasita, aache. Kwenye vyakula vya pembeni naye aangalie, maboga na matango ya kuvundikwa kwenye machicha yanapendwa sana mitaa ya sake, rangi yake ni kahawia, yanaonekana hayana neno.

Yeye kunusa anaweza, na pua ndiyo inayofanya kazi kubwa darasani. Kule kaunta nilikuwa na mteja asiyekunywa, anakuja na mumewe, ananusa vikombe vya mumewe na kumchagulia chupa. Hakukosea kwa nadra. Namaanisha alipatia karibu kila mara, Kiswahili changu kinaota kutu huku.

Chupa yako ya nama iache dukani. Nama haikupashwa moto. Sake ya kawaida hupashwa mara mbili, kama nyuzi 60 hadi 65, ili kuua bakteria na kuizima koji isiendelee na kazi. Nama inaendelea kuishi ndani ya chupa, inataka friji kutoka kiwandani hadi mdomoni kwako. Kuisafirisha tumboni mwa ndege, uwanja hadi uwanja, halafu begi linasubiri kwenye mkanda, ni kuinunulia ugonjwa. Hiyo inywe huku huku Ijumaa jioni, tena Novemba mwishoni ndipo zile za kwanza za msimu zinaanza kutoka, changa, zinachomachoma ulimi. Za kubeba chukua mbili za mililita 720 zilizopashwa, zifunge nguo, ziingie kwenye begi la kupakia, si la mkononi. Kwa ndege sake haina shida maana iko chini ya asilimia 24. Kinachokubana ni forodha ya huko unakokwenda, hiyo soma mwenyewe. Ukifika zisimamishe wima, usizilaze kama divai, na ziweke gizani, mwanga wa jua unaiharibu upesi.

Ukimaliza, utanunua chupa ipi? Nunua ile utakayokumbuka ulionja kwa joto gani. Andika hapo hapo darasani, jina la mtengenezaji, aina, joto. Ukifika kikombe cha tano utadhani utakumbuka.

Na la kuzingatia kuliko yote, kwa kuwa wamesema hawapokei wachelewaji: stesheni yako ni Chushojima, reli ya Keihan. Panda ya haraka kutoka Yodoyabashi, inasimama hapo, ni chini ya saa moja. Usishuke Fushimi-Inari kwa sababu umeona neno Fushimi. Kule utakuta milango myekundu elfu na watu elfu kumi wanaipiga picha, na sake yako iko kilomita kadhaa kusini inapoa.